Kimiminika Kisichomiminika

Nilikwenda Kisarawe kuomba baraka. Riwaya yangu ya kwanza ilikuwa inangoja kuchapwa, na mhusika wake mkuu nilimpa jina na kazi ya Dada Rehema, binti wa mama yangu mkubwa, ambaye ni mtafiti wa sumaku chuoni. Sura moja nilikwisha kuirusha WhatsApp, ikasambaa: Rehema anamimina kimiminika cha spini kwenye chupa, kinang'aa, kinakataa kuganda, kisha joto linapanda, kinachemka ghafla, naye analia.

Asubuhi, Visiga. Umande ulikuwa bado juu ya mihogo ya kando ya Barabara ya Morogoro. Nilipanda basi hadi Mbezi, nikaunganisha hadi Gongo la Mboto, na njia nzima niliisoma sura ile kwenye simu nikitabasamu peke yangu. Kupita Pugu, barabara ilipanda vilima na hewa ikapoa.

Mchana, Kisarawe. Dada Rehema alikuwa barazani na jirani yake wa bondeni, Bi Tatu, mzee mwenye magoti yaliyovimba. Bi Tatu alipakata chupa tupu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ndiye huyu mwandishi? Hebu mwambie dada yako asinibanie. Chupa nimekuja nayo mwenyewe. Anitilie yale maji yasiyoganda, nichue magoti."

Dada hakucheka. "Si wa kwanza huyu," aliniambia. "Mtaa mzima unadhani nawanyima."

Masikio yaliniwaka. "Lakini si kinaitwa kimiminika?"

"Uliniuliza?"

Akatuketisha pembe tatu. Kila mmoja atazame mlangoni au ukutani, ila asielekee upande mmoja na mwenzake yeyote. Yeye akatazama mlangoni, mimi ukutani. Bi Tatu akageuka huku, akageuka kule.

"Sasa mimi nielekee wapi? Mnanizungusha kama pia!"

"Hapo hapo, bibi. Ndiyo kazi yangu."

Akatueleza kwamba anachopima ni fuwele, ngumu kama jiwe. Ndani yake zimo sumaku ndogo mno, ndizo spini, zisizopata pa kuelekea. Sumaku za kawaida zikipozwa hufika mahali zikajipanga. Hizi huendelea kugeukageuka, zikiwa zimefungamana, hata kwenye baridi kali mno. Kutotulia huko ndiko kulikozipa jina la kimiminika. Hakuna kinachomiminwa.

"Na zikipata joto?" nikauliza.

"Mafungamano hulegea kidogo kidogo, mengine yakishikilia. Kwa hizi zangu hakichemki kitu. Huwezi kuweka kidole useme hapa ndipo yalipokatika."

Sura yangu nzima ilisimama juu ya kule kuchemka.

"Kwa hiyo dawa hakuna?" Bi Tatu alinitazama mimi, si Dada.

"Hakuna, bibi. Nilikosea."

"Na kilima chote hiki nimepanda." Akaitia chupa kwapani. "Lakini pale Rehema wa hadithi yako alipolia, na mimi nililia."

Afadhali angenitukana.

Jioni, kituoni, nilimwambia Dada nitaliondoa jina lake kitabuni.

"Jina liache," akasema. "Uongo ndio uondoe."

Nilipofika Mbezi nilimpigia mhariri wangu asimamishe uchapaji.

"Ile ndiyo sura inayouza kitabu! Sasa bila kuchemka itaishaje?"

"Sijui bado."

Akashusha pumzi, akakubali kungoja.

Niliingia Visiga giza likishika, nikashukuru kwamba hakuna aliyeuona uso wangu. Miaka yote nimewatambia watu kwamba nina dada mwanafizikia. Leo ndiyo mara ya kwanza nimemuuliza swali kuhusu kazi yake, na hata hilo nimeliuliza kwa ajili ya kitabu changu.