Hodi Niliyoisikia Nikanyamaza

Nilisikia hodi. Hilo nalitanguliza, maana ndilo nililolificha.

Ilikuwa adhuhuri, msimu wa karafuu, katika ile miaka ambayo siasa za vyama zilitugawa Pemba hii hata katika kuzikana. Nimelala chumbani, mlango nimeutia komeo, kitabu kifuani. Hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sauti niliijua: Mzee Feruzi, aliyekaa banda la uani kwetu. Nikajigeuzia ukutani. Kisha nikasikia jamvi linaburutwa, kwaru, kwaru, na karafuu zinamiminwa pakachani.

Hapo ndipo nikainuka. Nikafungua, nikamkuta ameinama juani, anazibeba karafuu za mama kuelekea bandani kwake.

"Unazipeleka wapi, Mzee Feruzi?"

"Naanua, bwana mdogo. Mvua hiyo."

"Mvua ya wapi? Jua lote hili?"

Akanyoosha kidole upande wa Micheweni. Kulikuwa na wingu, dogo, jeusi. Nikacheka, nikampokonya pakacha, nikazimwaga tena jamvini. Wingu likapita mbali, hatukupata hata tone. Nami nikaona nimeshinda kesi.

Wewe unayenisoma, ujue kwamba kwetu karafuu zilizoanikwa hazina mwenyewe wingu likitanda. Aliyeliona kwanza huanua, zake na za jirani, kuulizana baadaye. Karafuu zikilowa huwa nyeupe, na jasho la msimu mzima limekwenda. Hayo nayajua tangu sijaota meno. Angekuwa ami yangu ndiye aliyeinama pale, ningemshikia pembe ya jamvi. Lakini Feruzi alikuja kutoka bara kuchuma karafuu kabla mimi sijazaliwa, na mwaka ule masikio yangu yalijaa maneno ya barazani: mtu wa bara hivi, mtu wa bara vile.

Nikaandika hadithi fupi. Nilikuwa kijana, nikijiona kalamu yangu ina moto. Mwizi wa hadithi yangu alichechemea kama Feruzi, alijifunga kitambaa chekundu kichwani kama Feruzi. Mlangoni hakubisha. Mwisho nikaweka funzo, nikalipigia mstari: ukimpa mgeni ua, kesho atataka nyumba.

Ijumaa baada ya sala niliisoma barazani Tibirinzi, tulipokuwa tukikutana vijana wapenda vitabu. Walicheka wakashika mbavu.

"Yakhe, huyu si yule wa uani kwenu?"

"Hadithi tu," nikasema, nikitabasamu. Tabasamu lile linanichoma mpaka leo.

Hadithi ikashuka barazani, ikaanza kutembea kwa miguu yake. Mwenye shamba aliyemwita Feruzi kila msimu akaita wengine. Jirani yetu Bi Time akawa anawaita wanawe ndani kila Feruzi akipita, watoto wale wale aliowafundisha kupanda mkarafuu bila kuvunja tawi. Akitoa salamu dukani, watu waliitikia nusu. Nami niliyaona yote hayo nikaendelea kunywa chai.

Mama hakuwapo. Alikuwa Gando, akimtazama dada yake aliyejifungua. Sikungoja arudi nimuulize.

Aliporudi, hata buibui hajavua, swali lake la kwanza lilikuwa, "Feruzi kaziangalia karafuu zangu? N'limwambia siku ile naondoka: mwanangu huyu akilala ni gogo. Weye ukiona wingu, bisha. Asipofungua, tia bandani mwako, kwako hakuvuji."

Akanitazama.

"Umefanya nini?"

Nikamweleza. Hakunipiga, hakunitukana. Alikaa kizingitini na buibui lake, akasema polepole, "Basi miye ndiye niliyemtuma akaitwe mwizi."

Nikaenda bandani. Mzee Feruzi alikuwa akikunja mkeka wake. Kitanda cha kamba alikwisha kukisimamisha ukutani.

"Nimekuja kukutaka radhi, mzee wangu."

"Kwanza nisomee. Wote wameisikia isipokuwa mimi."

Nikasoma. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kama mtu aliye kwenye hotuba ya Ijumaa. Nilipofika kwenye lile funzo nikaishusha karatasi, akanisubiri mpaka nikalimaliza.

"Hadithi nzuri," akasema. "Huyo mtu mbaya kweli. Lakini umepasahau mahali pamoja. Alibisha hodi mara tatu."

"Nilisikia," nikasema.

"Najua. Kitanda chako hulia ukijigeuza."

Nikamwambia Ijumaa nitasoma nyingine, niseme kweli yote mbele ya watu.

"Soma, mwanangu. Lakini waliocheka Ijumaa ile hawatakuja wote Ijumaa hii."

Na kweli hawakuja. Nilisoma, nusu ya baraza tupu, na waliokuwapo walitazama viatu vyao. Uongo wangu ulikuwa umekwisha kufika Wete, kweli yangu haikuvuka hata barabara. Tangu hapo nimeandika mengi, lakini kila ninapotaka kumalizia kwa funzo mkono hunisita.

Basi weye unayeandika, unayesimulia, hata unayecheka tu na wenzio: kabla hujamhukumu mtu, tazama ni kitu gani umekiacha nje ya hadithi yako. Aghalabu ni kile kinachokushitaki wewe. Na kama anayeijua kweli yuko safari ya Gando, mngoje. Mimi sikungoja, na mama hajawahi kuniomba tena nimsomee kitu.

Radhi Mzee Feruzi alinipa, siku ile ile niliyomsomea bandani. Alinishika bega, akajitwika mkeka, akakitazama kile chumba alichokaa umri wangu wote. Nilitaka kumwambia abaki. Nikakosa uso wa kumwambia. Alitoka akichechemea, akaurudisha mlango nyuma yake taratibu, kama mtu anayechelea kumwamsha aliyelala, nami nikabaki ndani.