Mchele Mpya wa Mama

Mimi nina mdomo mchafu. Nimeurithi wapi sijui, maana mama hakuwa nao.

Ugonjwa ulianzia vidoleni mwa miguu, ganzi na kuchomachoma. Nilikuwa naendesha bodaboda Ifakara, nikajitibu malaria, kwa sababu huku kwetu kila kitu ni malaria. Siku ya nne nilishuka kwenye pikipiki, magoti yakakataa, nikaanguka mbele ya abiria wangu. Wiki haikuisha, mikono nayo ikalegea. Daktari alisema ni ugonjwa wa nadra: kinga ya mwili inashambulia mishipa ya fahamu ya mwili huohuo. Wengi hupona, akasema, ila polepole, na viungo vinyooshwe kila siku.

Mama alikuja kutoka Namawala na kifurushi kimoja. Mpunga wake ulikuwa umeanza kuiva, wakati ambao mtu habanduki kwenye dungu, kile kibanda cha juu cha kufukuzia ndege. Sikumuuliza kamwachia nani. Alinikunja na kuninyoosha magoti asubuhi na jioni, akanilisha kwa kijiko.

Kwa mama, mchele mpya ulikuwa hauliwi kabla mimi, mwanawe wa kwanza, sijaonja. Mavuno yakafika, mimi bado naletewa wali wa mchele wa dukani. Siku moja, mbele ya wageni waliokuja kunijulia hali, nikamwambia, "Mama, mwaka huu umekuwa mchoyo. Miguu ndiyo imekufa, mdomo bado unaonja."

Wageni walicheka. Mama akasema, "Bado tunaukausha, mwanangu," akaendelea na goti langu.

Miezi ilipita. Nilipoweza kutembea na fimbo nilikwenda shambani kwake. Dungu lilikuwa limeinama, mabua yamesimama hayajakatwa, masuke matupu. Jirani wa shamba akanieleza, "Ndege waliumaliza kwa siku nne tu. Tulimpigia simu, akasema waacheni wale, mimi nina mgonjwa."

Majuto ni mjukuu, na wangu alizaliwa palepale shambani. Ningemwomba mama msamaha jioni ile. Lakini kiburi kikanishauri nisubiri, nimpelekee kwanza sahani ya mchele mpya, maneno yafuate. Nilijiona mwerevu.

Msimu uliofuata nilikaa mimi kwenye dungu. Vidole havikuwa na nguvu ya kurusha kombeo, basi nikapiga debe na kupayuka mpaka sauti ikakauka. Nikavuna. Mpunga ukiwa bado juani, mama alianguka asubuhi akifagia uwanja. Hakuamka tena.

Mchele ule ulipikwa msibani kwake. Watu walisifia harufu yake. Mama mdogo, anayeijua desturi ya dada yake, aliniletea mimi sahani ya kwanza. Mikono yangu ilikuwa imeshapona, lakini kijiko kilinishinda kuinua.