Chama Tulichokipa Jina la Mzee Feruzi

Kabla sijaanza, mjue nimeshachekwa vya kutosha hapa Kindu, sokoni nachekwa, shuleni ninapofundisha nachekwa, hata fundi baiskeli wa karibu na kwangu ananiuliza kila asubuhi ni nani amekufa leo, kwa hiyo nanyi chekeni tu, nimezoea.

Tulikuwa watu kama kumi na wawili tuliotaka kuanzisha chama cha siasa (msiniulize kwa nini, siku zile kila mtu alikuwa anaanzisha chama), na rais wetu alikuwa Maman Sifa, mama aliyefanya ukarani kwenye reli miaka mingi na asiyependa porojo. Katiba ilikuwa tayari, kilichokosekana ni jina. Wiki tatu tunagombana. Papa Mbuyi, mtu wa Kasai, alitaka jina la Kifaransa la herufi saba ambazo yeye mwenyewe hakuweza kuzitaja mara mbili kwa mpangilio uleule, wengine wakataka Umoja, wengine Mwamko, na mimi katibu naandika, nafuta, naandika.

Ndipo nikamkumbuka Mzee Feruzi wa Lokandu. Wakati wa vita, risasi zilipokuwa zinapigwa mjini, yeye ndiye aliyetuvusha mto Lualaba, mimi na mama yangu na majirani, Waislamu na Wakristo na wale wa Kasai ambao walikuwa wanaogopa kuliko sisi wote, akienda na kurudi na mtumbwi wake asubuhi nzima bila kumuuliza mtu kabila. Nikawasimulia, nikasema chama kiitwe Kivuko cha Feruzi. Papa Mbuyi akavua miwani akaifuta (familia yake nayo ilivuka siku ile), na jina likapita palepale. Nilirudi nyumbani kifua mbele.

Sasa, kwetu jina la mtu haliokotwi barabarani. Ukitaka kumpa mtoto jina la mtu unamwendea mwenyewe, unamwambia, akikubali huyo mtoto ni somo wake, na siku ya sherehe mwenye jina anakuja na zawadi za mtoto na kuketi mbele. Maman Sifa akasema chama nacho ni mtoto, akanituma Lokandu, mwendo wa mashua ukishuka mto. Jumamosi ikafika na wingu zito, halafu timu ya mtaa wetu ilikuwa na fainali, nikajiambia nitakwenda wiki ijayo, nikaenda mpirani. Basi, nilijiharibia hapo.

Jumatatu Maman Sifa akaniuliza mbele ya wote:

— Mwalimu, ulifika Lokandu?

— Nilifika, Maman.

— Mzee iko anasema nini?

Ningesema amekubali, wangetaka aletwe kwenye sherehe. Ningesema amekataa, jina zuri limepotea. Nikaona njia nyepesi (wakati wa vita alikuwa tayari na mvi, nikakisia haraka haraka):

— Mzee hayuko tena, Maman. Alishakufa.

Papa Mbuyi akauliza alikufa na nini, nikasema kifua. Amezikwa wapi, nikasema kandokando ya mto. Mama yangu aliposikia alilia kweli, siku tatu hakutoka nje, na mimi namtazama, niliona aibu sana. Maman Sifa naye akapeleka tangazo fupi redioni: Jumapili, Kindu, jina la Feruzi wa Lokandu linapewa, watu wote mnaalikwa.

Jumapili uwanja ukajaa. Nikapanda jukwaani, nikasoma hotuba niliyoiandika kwa machozi (ya kweli, msicheke, yule mzee nampenda), nikamalizia na Mungu amlaze mahali pema, watu wote wakasimama kwa dakika moja ya kimya. Katikati ya kimya kile kuku akalia. Watu wakageuka. Mzee mmoja mrefu mwenye kanzu safi alikuwa anapita katikati yao, kuku mkono huu, na mkono ule beseni jipya la kuogeshea mtoto lenye miche ya sabuni. Akafika hadi chini ya jukwaa.

— Musamehe, nimechelewa, mashua iliharibika ku njia. Nilisikia ku redio, niko natafuta mutoto mwenye munamupatia jina yangu. Njo mimi Feruzi.

Hakuna aliyekaa, maana dakika haijaisha. Maman Sifa akamtazama mzee, akanitazama mimi, akamtazama mzee tena.

— Mwalimu, huyu njo yule wa kifua?

Kipaza sauti kilikuwa bado wazi mbele yangu, kwa hiyo uwanja mzima ulinisikia nikiungama, wingu, mpira, kifua, kaburi, yote. Watu walicheka hadi wengine wakakaa chini. Mzee hakucheka. Aliweka beseni chini polepole.

— Sasa mutoto hakuna?

— Hakuna, Mzee, Maman Sifa akamjibu. Iko chama.

Mzee akaliinua tena beseni lake.

— Chama watu wanatukanaka. Jina yangu sitaki watukane.

Basi chama kikakosa jina na mimi nikakosa ukatibu, vyote kabla kuku hajafunguliwa miguu. Siku hizi wanaitwa Umoja, kama vyama vingine vinne. Lakini kilichoniuma ni zile sabuni, alizozipakia mashuani kwa ajili ya mtoto asiyekuwepo. Mama yangu alimchukua nyumbani, akampikia, akamhudumia kama kaka yake, na mimi hakunisemesha.

Asubuhi nikamsindikiza mzee mtoni. Tukiwa tunangoja mashua akaniambia:

— Ile maneno ulisoma jana, nilifika ku mwisho. Soma tena.

Karatasi ilikuwa bado mfukoni. Nikamsomea nimesimama kwenye tope, yeye amefumba macho. Nilipotaja mtumbwi wake akainua kidole:

— Haikuwa yangu. Ilikuwa ya shemeji. Andika.

Nikaandika. Nilipomaliza akanishika bega.

— Ni muzuri. Siku nitakufa kweli, utasoma hivyo hivyo. Lakini uje kwanza uangalie.

Nimeapa sitasema tena nimefika nisipofika. Kila mwezi nashuka Lokandu, nashinda naye, na nikirudi mama ananiuliza mlangoni kabla sijavua viatu, namjibu: yuko, nimemwona kwa macho yangu, amekula samaki wawili.