Mgeni Asiyejua Kulalamika

Mimi si mtu wa kutoka. Nikienda soko la Mbale na kurudi kwangu Namakwekwe, tayari najiona nimesafiri. Kwa hiyo binti wa dada yangu, niliyemlea mwenyewe, aliponiambia natakiwa Jinja kula chakula cha mchana hotelini, nilimuuliza kama hakuna hoteli inayoweza kuja kwetu.

Alikuwa anamaliza chuo cha mambo ya hoteli. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho walipewa hoteli moja ya Kimaka, hapo hapo Jinja, waiendeshe mchana mmoja kama mameneja, kila mmoja alete mgeni kutoka kwao. Atakayewashinda wenzake angeajiriwa palepale, msaidizi wa meneja. Nafasi ilikuwa moja.

"Kazi yako ni kulalamika tu, mjomba. Mwalimu anataka aone nitakavyomtuliza mgeni aliyekasirika."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu. Fanya kama nyumbani."

Hapo hakunionea. Nyumbani nalalamikia chumvi, nalalamikia chai, juzi nimelalamikia kiti. Asubuhi hiyo tulipanda basi pamoja, nami nikijua huu ni mtihani ambao hata mimi, niliyeishia sekondari, nitafaulu.

Supu ililetwa imepoa, labda kwa makusudi. Mwalimu alisimama karibu, kalamu mkononi. Mpwa wangu akaja na koti lake jeusi, akaniuliza kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia nyumbani kwangu, "Chakula kikoje, bwana?"

Sasa, kwetu mgeni akiwekewa chakula hashitaki. Anakula, anamshukuru aliyepika, anaaga. Nilifungua mdomo nilalamike, yakatoka mengine.

"Kizuri sana. Asanteni kwa kupika."

"Kizuri kabisa?" aliuliza, macho yakinisihi.

"Kabisa. Mungu awabariki."

Mwalimu akafunga kalamu yake. "Mgeni wako ameridhika. Sina cha kupima."

Mpwa wangu hakunitazama mimi, alitazama bakuli. "Ameonja kidogo, mwalimu, akaweka kijiko chini, ndipo akaanza kusifu. Wageni wa huku hawalalamiki. Wanashukuru, halafu hawarudi." Akaliinua bakuli, akaniomba radhi, akamtuma mhudumu alete supu nyingine.

Ilikuja inachemka. Niliipokea kwa adabu, ikaniunguza ulimi.

Mwalimu akainama. "Mzee, sema kweli. Utarudi hapa?"

"Nitarudi," nikasema, machozi yananitoka.

"Hilo usiliandike," mpwa wangu akamwambia. "Huyu hata mkimlisha bure harudi. Hatoki nyumbani."

Mwalimu alicheka, akaifungua tena kalamu.

Nafasi alipewa mpwa wangu, na kazi ilikuwa ianze kesho yake asubuhi, kwa hiyo hakuwa na haja ya kurudi nami Mbale. Alinisindikiza hadi kwenye basi, akaniuliza kama ninazo funguo za nyumba. Nikamwambia ninazo. Nilikaa dirishani, na kiti cha pembeni, ambacho asubuhi alikikalia yeye, nikakiwekea kofia yangu.