Mstari wa Chini Ambao Daktari wa Thika Hakunisomea

Niliangukia karai ya kachumbari. Nilikuwa nasonga ugali wa mchana, mwiko mkononi, na kitu kikanikalia kifuani kama mtu mzima ameniketia. Mkono wa kushoto ukafa ganzi. Taya likauma hata nikafikiri ni jino. Halafu nikawa chini, nyanya kwenye nywele, nikitazama viatu vya wateja, na nikajua nakufa. Sikuwa nakisia. Nilijua.

"Mpeni soda," tajiri wangu alisema, mwenye hiyo hoteli ya nyama choma pale Kamakis. "Ni gesi hiyo. Huyu mama hula akiwa amesimama."

Na mimi, pumzi sina, nikatikisa kichwa kukubali. Ndiyo, ni gesi. Singeweza kufikiria kitu kingine, kwa sababu kifua changu kilikuwa kimepigwa picha Thika na nikaambiwa ni kizima.

Binti yangu, ambaye ana saluni mlango wa pili, ndiye alikuja mbio akasema, "Soda gani? Hamwoni vile anatoa jasho?" Wakanibeba kwa gari ya kuleta nyama, mpaka hospitali Ruiru.

Lakini mambo hayakuanzia hapo. Mwaka mmoja na kitu kabla ya hiyo siku nilikuwa na kikohozi kisichoisha. Nimepika kwa kuni na makaa miaka kumi na moja, moshi wa jiko la choma unanipitia siku nzima, na siku moja nikatema damu. Daktari wa Thika akanituma kwa ile mashine ya CT, unalala kitandani inakumeza polepole, sauti inakuambia usipumue. Siku tatu za kungoja majibu sikumeza kitu isipokuwa chai. Nilikuwa nimeshaanza kugawa vitu vyangu kichwani, nani atachukua masufuria, nani atachukua mbuzi.

Siku ya majibu daktari alifungua karatasi. Macho yake yalishuka kidogo tu, yakasimama. "Mama, mapafu ni safi. Hakuna kansa, hakuna TB. Ni moshi. Enda nyumbani umshukuru Mungu." Akanipa bahasha kubwa yenye picha na karatasi, akasema niweke vizuri. Karatasi ilikuwa ya Kizungu. Mimi niliachia darasa la tano.

Nikamshukuru Mungu kweli. Jumapili, kanisani kwetu Murera, nilisimama kutoa ushuhuda. Pasta akachukua ile picha nyeusi akainyanyua kwa dirisha. "Mnaona mapafu ya huyu mama?" Hakuna aliyeona chochote, na ninaamini aliishika juu chini, lakini tulipiga makofi na wamama wakapiga ngemi, vigelegele vya kwetu. Moyo wangu ulikuwa hapo hapo kwa hiyo picha, umenyanyuliwa mbele ya kanisa lote, na ugonjwa wake ndani.

Bahasha ikaenda chini ya godoro. Nikaendelea na supu, na mafuta ya mbavu yanayobaki kwa sinia. Nikipanda kamlima ka kwetu pumzi inakatika, najiambia mimi nimepimwa, mimi ni mzima.

Ruiru walinidunga sindano ya kuyeyusha damu iliyoganda, na hiyo ndiyo iliniacha hai. Kesho yake daktari wa huko, msichana mdogo kuliko binti yangu, akauliza kama nimewahi kupigwa picha ya kifua. Binti akaleta bahasha. Daktari akasoma mpaka chini.

"Mum, nani alikusomea hii?"

"Daktari wa Thika."

"Alikusomea yote?"

Akaweka kidole chini kabisa. Hapo, akasema, wameandika mishipa ya moyo wako ina chokaa, na upimwe moyo. Akanionyesha kwa picha: vidoadoa vyeupe, kama punje za chumvi. Akanieleza kwamba mafuta hujishika kwa ukuta wa mshipa, yakikaa miaka yanakuwa magumu, na mashine huyaona hata ikiwa imetumwa kutafuta kitu kingine.

"Haisemi utaanguka siku gani," akasema. "Inasema uko kwa hatari, uangaliwe, uanzishiwe dawa mapema."

"Kwa hivyo nisingeanguka?"

"Siwezi kuapa, Mum. Lakini ungekuwa na nafasi nzuri."

Sasa sehemu ya moyo wangu imekufa, na ninaishi na hiyo iliyobaki. Naoga mlango ukiwa wazi. Nikibeua nashtuka. Mjukuu akinirukia naona kiza. Kila asubuhi kabla ya kushuka kitandani naweka mkono kifuani, nasikiliza, naogopa kusikiliza.

Tajiri nilishamwambia usoni kwamba soda yake karibu iniue. Pasta hakujua, ingawa hajarudi mbele ya kanisa kusema tulishangilia bure. Wengine wananiambia ningetafuta mtu anisomee. Ningemtafuta nani, na nilikuwa nimesomewa na daktari mwenyewe?

Mwezi uliopita nilienda kwake Thika na bahasha. Hakunikaribisha kiti. "Mama, ulikuja na kikohozi, nikatafuta kikohozi. Na karatasi si nilikupa?"

Binti akanishika mkono, tukatoka bila kumjibu. Leo ninalo jibu. Mashine iliona. Mwenye kuandika aliandika. Kati yao na mimi kulikuwa na mtu mmoja tu. Nimemtuma binti aandikie wakubwa wa hospitali yake, nikisema na yeye akiandika: sitaki pole. Nataka daktari huyo aitwe, aketi mbele yangu, asome ile karatasi kwa Kiswahili, kwa sauti, mpaka mstari wa mwisho. Halafu aniambie ni kwa nini aliishia katikati, na ni wagonjwa wangapi wengine amewatuma nyumbani kushukuru.