Shamba Nililong'oa Ili Turudi Mjini

Nijiumbue mwenyewe kabla wengine hawajanisimulia: mimi ndiye niliyeng'oa mihogo yote ya mama kwa siku moja, nikidhani shamba likiisha tutarudi Lubumbashi.

Nyie wa rika langu mnajua ilivyokuwa. Kazi ya baba ilikufa, tukapanda treni na magodoro yetu hadi Kamina, kijijini kwa mama, nje kidogo ya mji. Lubumbashi chakula kilitoka sokoni. Huku ukitaka sombe, ukachume majani ya mihogo mwenyewe, utwange mwenyewe. Ukimwaga maji njiani, rudi mtoni. Shuleni walinicheka, eti nashika jembe kama kijiko. Mpira wa matambara ulikuwa mtamu, sikatai, na mahindi ya kuchoma, na kumbikumbi. Lakini treni ikipiga honi kule mbali, moyo wangu ulitangulia kituoni. Nikimuuliza mama tunarudi lini, alijibu, “Tuvune kwanza.”

Basi nikavuna. Jumapili moja wote walienda misa, mimi nikajisingizia tumbo. Waliporudi, mihogo ilikuwa imelundikana uani, nami nimejaa udongo mpaka masikioni, nangoja kusifiwa. Mtoto wa mji, ningejuaje kwamba mihogo ghala lake ni udongo? Unachimba ya kula, mingine inakungoja. Ukiing'oa, siku chache tu imeoza. Chakula chetu cha mwaka mzima kilikuwa kinapigwa jua. Mama hakunigusa. Aliketi chini akaitazama, na afadhali angenichapa.

Aliyetuokoa ni jirani, Mama Ngoie. Aliita wenzake, wakaja na visu, wakamenya mpaka jua likazama, huku wakiniuliza kama treni yangu imeshafika. Wakailoweka mtoni, kisha wakaianika juu ya mawe na mapaa, ya kwao na ya kwetu. Bukari, ugali wa mihogo ile, tulikula mpaka mavuno mengine. Nilipouliza tena habari ya kurudi, mama alisema watu waliokumenyea hivyo huwezi kufunga virago ukawaacha.

Watoto wetu wa leo wanadhani unga unazaliwa ndani ya plastiki. Watume mtoni, watauliza kwanza kama huko kuna rezo ya simu. Nawacheka, lakini wao wakisema wanaondoka, kesho wako juu ya pikipiki. Sisi tulitamani kuondoka tukabaki, tukajua kila jirani anakula nini. Wao wanaondoka bila kujua hata tunachopanda. Nami, nyumba yetu ya Lubumbashi sijui sasa humo analala nani, ila kila kiangazi natangaza kwamba mwaka huu narudi.

Juzi, mvua za kwanza zimeshanyesha, nilimtangazia tena Mama Ngoie, ambaye sasa ni mzee, huku nimeinama nachomeka miche ya mihogo. Alinitazama, akatazama mstari wangu mpaka mwisho wa shamba.

“Weye hauendake popote. Muntu mwenye kuenda hapandake mihogo.”