Siku Niliyozima Gari kwenye Mteremko wa Sekenke

Mwanangu, siku moja naikumbuka kwa mguu kuliko kwa kichwa. Hata leo nikifika juu ya mteremko wa Sekenke, kabla sijawaza lolote, mguu wangu wa kulia unajitoa wenyewe kwenye mafuta na mkono unatafuta gia ya chini. Kichwa kinafuata baadaye. Ngoja nikusimulie.

Usicheke kwamba nakuita mwanangu na ndevu zangu zenyewe bado zinahesabika. Vijana wenye leseni mpya wanakuja kuniuliza mambo ya gari pale Ulemo, nami nawajibu kama nilivyojibiwa na mzee. Ukiletewa maji una kiu, huulizi kata ina umri gani.

Wakati huo leseni yangu ilikuwa haijatimiza mwaka, ila ndoto zangu zilikuwa zimeshazeeka. Nilikuwa na malori yangu kichwani, yanatoka Singida yanapita Manyoni mpaka Dodoma, yana taa za rangi, na watoto wa barabarani wanayapungia mikono. Nikiwa macho, lakini, nilikuwa naendesha kanta moja tu, lori dogo, na haikuwa yangu. Ilikuwa ya Mama Neema, mwenye mashine ya kukamua alizeti. Kazi yangu ilikuwa kupeleka mashudu kwa wafugaji wa Shelui, chini ya mlima. Mashudu ni yale makapi yanayobaki alizeti ikishatoa mafuta yake. Ng'ombe wanayapenda kama wewe unavyopenda chapati.

Basi mafuta ya gari yakapanda bei. Mama Neema akaniita mashineni, mikono yake inang'aa kwa alizeti.

"Elia, hii gari inakunywa."

"Mama, si gari, ni kodi. Kwenye kila lita wameweka tozo ya barabara, tozo ya hiki, tozo ya kile. Tunaijazia serikali tenki."

"Kodi haina mguu wa kukanyaga pedali," akasema. "Mguu ni wako. Nakupa mpaka mwezi uishe. Isipopunguza kunywa, naiuza, na hao wafugaji watakuja kuchukua mashudu wenyewe kwa mkokoteni."

Nilicheka, kumbe mwenzangu hacheki. Gari ikiuzwa, mimi narudi kulima shamba la baba, na malori yangu yote ya kichwani yanaegeshwa. Nikamwambia nipe mwalimu. Akanipa Mzee Mkumbo.

Mzee Mkumbo alikuwa ameendesha malori ya watu tangu Sekenke ni vumbi na mawe, zama ambazo, alivyosema mwenyewe, gari ilipanda mlima inalia na dereva naye analia. Alikuwa ameacha kazi hiyo, analima alizeti zake. Nilimpenda siku ya kwanza. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akazunguka gari lote, akagusa matairi kama mama anavyogusa paji la uso la mtoto mwenye homa.

"Haya yana njaa," akasema. "Tairi lenye upepo mdogo linavuta gari nyuma. Wewe unafikiri unaendesha, kumbe unakokota."

Kisha akapanda nyuma kwenye bodi la mzigo, akaanza kushusha vitu. Mnyororo ambao haujawahi kufunga chochote. Mbao tatu. Dumu la maji machafu. Springi mbovu niliyokuwa naitunza sijui kwa nini. "Huyu abiria analipa nauli?" alikuwa ananiuliza kwa kila kimoja, nami nasema hapana, naye anakitupa chini. Turubai lililokuwa linapigapiga kwa upepo akalifunga likakaza kama ngozi ya ngoma.

Halafu akakaa kwenye usukani ili nimwone. Akavua kiatu cha kulia, cha kulia tu, akakiweka pembeni. Akasema kiatu ni kiziwi, unyayo ndio unaosikia. Mwanangu, sijawahi kuona mtu anaendesha vile. Gari lile lile lililokuwa likinirukaruka lilikwenda kwa Mzee Mkumbo kama maji yanavyokwenda kwenye mfereji. Akiona ng'ombe mbali, kule mbele kabisa, mguu umeshatoka. Tukifika, ng'ombe wameshavuka na breki haijaguswa. "Kila ukikanyaga breki," akaniambia, "unatupa mafuta uliyokwisha kuyachoma. Breki ni ya dharura na ya heshima." Akisimama kumsalimia mtu anazima gari, maana salamu za kwetu unazijua, ukimuuliza mtu habari za nyumbani ataanzia kwa mbuzi.

Alikuwa na ufito wenye alama za kisu wa kupimia tenki. Kila tukirudi anauzamisha, anautoa, ananionyesha unyevu ulipofika. Safari ya pili ukalowa juu zaidi. Safari ya tatu, juu zaidi tena. Haba na haba hujaza kibaba. Nilianza kuona gari haliuzwi.

Lakini ujana, mwanangu, ukionja sifa unataka kulamba na sahani.

Siku ya safari ya nne tulijaza mafuta Misigiri asubuhi. Madereva wenzangu walikuwepo pale, wanalalamika bei, nami nikawachekesha. Nikasema mimi leo naikwepa kodi. Kuanzia juu ya Sekenke mpaka chini nazima injini, gari inashuka yenyewe, na injini ikizimwa tozo nayo imezimwa. Wakacheka sana, mmoja akanipiga mgongoni akaniita waziri wa fedha. Mzee Mkumbo alikuwa ameenda kununua karanga, hakusikia.

Tulipofika juu, mzee alikuwa amesinzia, karanga mkononi. Tulikuwa tumejaza mashudu mpaka juu. Nikatazama chini, mbuga ya Wembere imelala kule, buluu, barabara inashuka laini inang'aa. Nikatoa gia. Nikazima injini.

Nisikufiche, ilikuwa tamu. Kimya kabisa. Unasikia upepo tu na matairi. Nilijiona ndege. Nikawaza Mama Neema atakavyoshangaa ufito ukitoka umelowa mpaka mkononi.

Kona ya kwanza nikagusa breki, ikashika. Ya pili ikashika nusu. Ya tatu pedali ikawa ngumu kama jiwe, maana breki za gari lile zinasaidiwa na injini, na injini nilikuwa nimeilaza mwenyewe. Usukani nao ukagoma, ukawa mzito kama jiwe la kusagia. Na mbele yangu, kwenye kona inayofuata, kulikuwa na akina mama.

Walikuwa kama sita, wamevaa vizibao vya kung'aa, wameinama ukingoni wanazibua mtaro. Migongo yote ilikuwa kwangu. Hakuna hata mmoja aliyegeuka. Mwanangu, wangegeukaje? Hawakusikia kitu.

Mimi nilikuwa nimeganda na usukani. Aliyepiga honi ni Mzee Mkumbo. Sijui aliamka saa ngapi. Alinirukia akaikandamiza honi kwa kiganja, na wale mama wakaruka mtaroni wote kwa pamoja. Nikasikia kitu kinavunjika chini ya tairi, kraa.

"Washa," akasema Mzee Mkumbo. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anaomba chumvi. "Washa tu. Vizuri. Sasa kanyaga breki mara moja, usipampu. Klachi. Ipe mafuta kidogo. Gia ya tatu. Iache. Sasa ya pili."

Gari likanguruma, likashikwa na gia, likapunguza. Tukasimama pembeni chini kidogo, magurudumu yanafuka moshi unaonuka kama kwato za ng'ombe zinazoungua. Mikono yangu ilikataa kuachia usukani.

Mzee akashuka, akaweka mawe kwenye matairi, akarudi mlangoni kwangu.

"Umeua?"

"Sijui, mzee."

"Basi twende tukajue."

Tulipanda ule mlima kwa miguu. Huo ndio mlima mrefu kuliko yote niliyowahi kupanda. Sikuthubutu kutazama barabara, nilitazama mtaro. Na mtaroni, ashukuriwe Mungu, walikuwa wote sita, wametapakaa tope, wananitazama. Kilichovunjika ni jembe.

Kiongozi wao, Mama Zakia, alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti inayotosha kijiji. "We dereva! Gari lako halina mdomo? Hata nyoka anapokuja nyasi zinasema!"

Nikapiga magoti. Nikasema nilikuwa nabana mafuta.

"Umesikia, shoga?" akamwambia mwenzake. "Sisi sita tulitaka kuzikwa kwa kikombe cha dizeli."

Wakacheka, huku wanajifuta tope. Mimi nililia. Sioni aibu kukwambia.

Nilidhani Mzee Mkumbo ataniombea radhi tuondoke. Akasema, "Breki zinataka kupoa. Elia, kata mti, chonga mpini." Nikaazima panga, nikakata, nikachonga mpaka jembe likarudi mkononi mwa mwenyewe. Nikafikiri yamekwisha. Mzee akaniambia, "Sasa ingia uzibue."

Nikaingia mtaroni. Nimepita barabara ile mara ngapi, mwanangu, sijawahi kujua kwamba ina mtaro. Tope, mawe, chupa za maji tunazotupa sisi madereva, nyasi zenye mizizi mpaka kuzimu. Mama Zakia akanieleza kwamba mtaro ukiziba, mvua moja tu maji yanapita juu, yanakula ukingo wa lami, na mvua inayofuata yanachukua kona nzima. "Na sisi tunalipwa na nini, unafikiri?" akaniuliza. "Na hiyo hiyo tozo mnayoilalamikia kule vituoni. Mkono mtupu haulambwi, baba."

Nilikumbuka waziri wa fedha wa asubuhi, nikainamisha kichwa zaidi.

Nikiwa nimeinama hivyo, jembe linakwenda, akili iko kwenye mizizi, ghafla nikavutwa kola ya shati kwa nguvu nikaangukia tumbo. Upepo wa moto ukanipita mgongoni. Lori, limejaa, linashuka kimya kabisa kama kivuli. Lilikuwa limeshapita ndipo nikasikia matairi. Mama Zakia alikuwa bado ameshika kola yangu.

"Mwenzako huyo," akasema. "Naye anabana mafuta."

Hakuna mtu aliyeniambia neno jingine la kunikemea siku ile, na halikuhitajika.

Tukirudi kwenye gari, Mzee Mkumbo akanieleza jambo lililonimaliza kabisa. Alisema ukishuka mlima ukiwa kwenye gia, na mguu umeutoa kwenye mafuta, ni magurudumu yanayoizungusha injini. Injini haichomi kitu. "Mlima ulikuwa unakuzungushia injini bure," akasema, "wewe ukaukatalia." Kwa hiyo yote yale, roho sita za watu, na yake ya saba, na yangu, niliziweka rehani kwa faida ambayo haikuwepo. Rahisi huvunja upishi.

Mchana wote nilingoja aniambie atakavyomweleza Mama Neema. Tulipokaribia Ulemo akasema tu, "Mimi nilikuwa nimelala. Mwenye habari ni wewe."

Nikamwambia Mama Neema yote, mpaka ule utani wa Misigiri. Hakunifokea. Alinyoosha mkono, nikampa ufunguo. Kisha akampa Mzee Mkumbo, akasema, "Baba, kaa naye mpaka alizeti zivunwe. Ukiniambia amejua kusimama, nitamrudishia."

Hakusema amejua kubana. Alisema kusimama.

Mzee alikaa nami msimu mzima, mguu mmoja kiatu, mwingine wazi. Kanta haikuuzwa. Na kila tukipita Sekenke, kabla hatujaikaribia kona, alinifundisha kupiga honi mara mbili fupi, na akina mama wakawa wanainua majembe bila kugeuka. Nilikuwa nafurahi kama nimesalimiwa na mfalme.

Sasa nisikilize, mwanangu. Bana mafuta, na ubane kweli, kwa maana bandu bandu huisha gogo. Jaza upepo, punguza mzigo usiolipa nauli, tazama mbali, zima gari ukisimama. Lakini ubane kwa ufundi wako, usibane kwa shingo ya mwenzako. Akiba inayotaka mtu mwingine asikusikie ukija, hiyo si akiba. Na kodi iliyo ndani ya lita, ulizia inakwenda wapi, ni haki yako, uliza hata kwa sauti kubwa mkutanoni. Ila usiidharau kabla hujashuka ukaona nani ameinama pembeni ya barabara yako. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na ukikosea, panda mlima kwa miguu ukatazame ulichofanya, usingoje kuletewa habari.

Mwenyezi Mungu akulinde juu ya kilima na chini yake. Akupe mwalimu mpole, akupe ulimi wa kukiri, akupe safari ndefu zenye kurudi nyumbani. Na siku ukiwa wewe ndiye uliyeinama mtaroni, akuletee dereva anayesikika.